Kifo Tunakilipia Bila Kusukumwa, Bima ya Afya Je?

Kila bima ya afya inapotajwa kwenye mkutano wa hadhara hapa Mwanza, iwe Igogo, Igoma au Buhongwa, kuna sentensi moja ambayo lazima itoke meza kuu: wananchi hawana uelewa, elimu iendelee kutolewa. Mtendaji wa kata ataisema, diwani ataikazia, mgeni rasmi ataifungia hotuba. Tunapiga makofi, tunagawiwa vipeperushi, tunarudi kwenye shughuli zetu. Miaka nenda, miaka rudi, elimu inatolewa na kadi hazikatwi.

Mimi nasema uelewa upo tena wa kutosha. Watu wa huku kandokando ya ziwa wanaijua bima kuliko wengi wanaokuja kuwafundisha, na wanapoikataa wanakuwa wameshapiga hesabu.

Nina kibanda cha uwakala wa pesa za simu jirani na mwalo wa Kirumba, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Ukikaa kwenye dirisha lile unaiona pesa ya watu inavyoingia na kutoka, na baada ya muda unaanza kuijua safari ya kila noti kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Anayetuma ada ya shule anakuja na karatasi. Anayetuma mahari anakuja na shemeji wawili na kelele. Anayetuma pesa ya hospitali ameandika namba kiganjani kwa kalamu, na swali lake ni lilelile: "Dada, na ya kutolea nimwekee shilingi ngapi?" Hataki ipungue hata mia, kwa sababu huko inakokwenda kuna ndugu amesimama mbele ya dirisha la malipo, na dirisha lile halikopeshi.

Mara nyingi hiyo pesa si yake peke yake. Imetoka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, elfu mbili huku, elfu tano kule, mjomba wa Geita kaahidi kumi, binamu wa Dar kasoma ujumbe na kunyamaza. Orodha inarushwa upya kila jina linapoongezeka, walioahidi upande mmoja, waliolipa taslimu upande wa pili. Serikali ilipopeleka Bungeni muswada wa bima ya afya kwa wote mwaka 2022, maelezo yake yalikuwa kwamba wenye bima ya aina yoyote ni takribani asilimia 15 ya wananchi. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu milioni 61.7. Hao wengine wote wako kwenye kundi la WhatsApp.

Sasa nieleze kuhusu kikundi chetu, maana huko ndiko hoja yangu inakotoka. Kama mitaa mingi ya Mwanza, mtaani kwetu tuna chama cha kufa na kuzikana, na mimi ndiye mweka hazina. Kiingilio ni 20,000. Kila mwezi kaya inatoa 2,000, na msiba ukitokea inaongeza 3,000 na nguvu kazi: wanaume kaburini, wanawake jikoni. Ukifiwa unaletewa turubai, viti, masufuria, sanduku na gari la kwenda makaburini, siku hiyohiyo, hata kama habari imefika saa nane usiku. Hakuna aliyetuita semina. Katiba yetu iko kwenye daftari kubwa la kaunta lenye jalada lililokwisha kwa kushikwa, na vifungu vimeongezwa humo kadiri mambo yalivyotufika.

Kifungu cha mwanachama mpya, kwa mfano. Zamani ukilipa kiingilio leo, leo hiihii wewe ni mwanachama kamili. Akaja bwana mmoja, amehamia mtaani, akajiunga kwa furaha na kulipa yote. Hazikupita siku nyingi tukapokea msiba wa baba yake, mzee ambaye kumbe alikuwa amelala kitandani muda mrefu na mwanawe alijua fika anaondoka. Tulimzika mzee kwa heshima zote, kwa sababu marehemu hana kosa. Halafu tukakaa kikao, na tangu hapo mgeni anasubiri miezi mitatu kabla ya kunufaika. Kuna kifungu cha wanaorundika madeni, ambao majina yao husomwa kikaoni mbele ya watu, na nikiri hicho kina nguvu kuliko mahakama. Kuna kifungu cha wajane na wazee wasio na mtu: hao hawatozwi, tunawabeba. Na kila kikao mweka hazina anasimama, anasoma kitabu kwa sauti, kilichoingia na kilichotoka. Nikikosea kujumlisha, kuna mama mmoja muuza dagaa hajui kusoma lakini atanishika palepale.

Humo mna karibu kila kitu ambacho wataalamu wa bima wanakipa majina marefu. Kipindi cha kungoja kimo. Kinga dhidi ya anayejiunga akiwa tayari na tatizo lake mfukoni imo. Wenye nacho kuwabeba wasio nacho, imo. Walioyaandika ni kina mama wa dagaa, fundi baiskeli na mzee mstaafu wa reli.

Ndiyo maana huwa nashindwa kujizuia kucheka nikisikia ile hoja nyingine, kwamba mtu wetu hapendi kulipia ugonjwa kabla haujafika kwa kuwa ni kujitabiria mabaya. Jamani, sisi tunalipia kifo! Tena kila mwezi, na ukichelewa unaona aibu. Mtu anayenunua sanduku lake kidogokidogo huku akiwa mzima wa afya hawezi kuogopa kulipia malaria.

Sasa kwa nini halipii? Wengi watakujibu ni bei, na bei ni kweli, nitaifikia. Lakini tuanze na kadi iliyokuwa na bei ndogo kabisa, kwa sababu hiyo ndiyo inayonifanya nisiridhike na jibu la bei peke yake.

Uchangiaji wa gharama za matibabu katika hospitali za Serikali ulianza mwaka 1993. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ukajaribiwa Igunga, hapo Tabora kwa majirani zetu, na mwaka 2001 ukatungiwa sheria. Mwaka huohuo wa 2001 ndipo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, nao ulipoanza kazi kwa watumishi wa umma. Mtumishi anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza 3, na kadi inamhudumia yeye, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne. Hakuna aliyembembeleza mtumishi wala kumpa kipeperushi. Aliona kwenye hati ya mshahara imekatwa, basi. Sisi tusio na mshahara tukaachiwa hiari. Tangu hapo mtaani bima ikawa na jina moja: mambo ya watumishi. Kaka yangu ni mwalimu, na ninavyomwona, kadi yake imemletea mzigo usioandikwa popote, maana ukoo mzima unamhesabu yeye kana kwamba nafasi za wategemezi ni za basi la daladala, ambamo mmoja zaidi hakosi pa kujibana.

Mwaka 2018 CHF ikaboreshwa. Kwa mikoa kama wetu ikawa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, kutoka zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa. Gawanya mwenyewe: 5,000 kwa mtu kwa mwaka mzima. Kwa mwezi haifiki hata bei ya soda. Kama tatizo ni bei tu, mtaa mzima ungekuwa na kadi ile.

Mama mkwe wangu alikuwa nayo. Ana presha, na dawa zake ni za kila siku mpaka mwisho wa maisha. Nilimsindikiza kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja. Kwenye mapokezi swali la kwanza halikuwa anaumwa nini, lilikuwa "mama, keshi au kadi?" Jibu ndilo lililoamua benchi. Benchi la keshi lilikuwa linasogea. Benchi la kadi lilikuwa refu na limetulia, na dada wa mapokezi alisema mtandao unasumbua, kwa hiyo kadi zitahakikiwa ukirudi. Ukarudi. Daktari akamwona vizuri tu, kijana mpole, akapima, akaandika. Dirisha la dawa tukaambiwa kati ya dawa mbili moja imeisha, tujaribu nje. Nje ni kuvuka barabara. Duka la dawa lina kila kitu, na muuzaji hakuangalia hata cheti vizuri. Alionekana ameshazoea maandishi ya daktari yule. Nikatoa pesa. Mwaka ulipokwisha nikamkumbusha mama kulipia upya, akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu," akasema, "nilipie benchi tena?"

Huyu mnataka mumpe elimu gani?

Nisiwe mchoyo wa haki, upande wa pili nao una maneno yake. Nimekaa na watu wa zahanati nje ya saa za kazi na wanaeleza vizuri. Mgonjwa wa keshi anaacha pesa leo, na kesho mganga mfawidhi anaweza kuagiza kinachokosekana. Mgonjwa wa kadi anaacha fomu. Fomu inajazwa, inapelekwa kama dai, inakaguliwa, inapunguzwa, kisha malipo yanakuja kwa wakati wake. Kwa kituo, kadi ni deni. Na pale ambapo mchango ni 5,000 kwa kichwa, hata deni lote likilipwa kwa wakati halitoshi kujaza rafu. Kwa hiyo dawa zinaisha, watu wanaacha kulipia, wanaobaki ni wagonjwa wa kudumu kama mama mkwe, mfuko unazidi kukonda, dawa zinazidi kuisha. Mtu mzima na afya yake, ambaye ndiye mfuko unamhitaji, ndiye wa kwanza kuondoka.

Wenye kadi kubwa nao walionja. Machi 2024 NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, yaani orodha mpya ya huduma na bei inazolipia, hospitali binafsi zilisema bei zile haziwezekani, na baadhi yake zikasitisha kuwahudumia wanachama wa mfuko huku mvutano ukiendelea. Kwa mara ya kwanza nikamsikia mtumishi wa Serikali akiongea kama muuza dagaa: nimekatwa miaka yote hii, leo naambiwa nije na keshi.

Tena usisahau kwamba CHF inaishia ngazi ya mkoa. Huku kwetu ukisema mgonjwa "amepandishwa Bugando" kila mtu anaelewa hali ni mbaya, kwa sababu hospitali ile juu ya kilima, tangu 1971, ndiyo inayopokea yaliyoshindikana kwingine Kanda ya Ziwa nzima. Pale ndipo bili zinapouza ng'ombe na mitumbwi, na pale kadi ya 30,000 haifiki. Mwananchi anaona hivi: vitu vidogo kadi inadaiwa kuvilipia lakini dawa haipo, na kikubwa kinachoweza kumfilisi hakimo kabisa. Uamuzi wake wa kuzinunulia dagaa hizo 30,000 si ujinga.

Toto Afya Kadi, ile kadi ya watoto ya NHIF, ilikuwa jambo lingine, na naitaja kwa sababu ilithibitisha kwamba watu wanalipa wakiona kitu. Shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, yaani 4,200 kwa mwezi, na kadi inayofika mpaka hospitali kubwa. Kina mama wasio na mshahara wowote walikuwa wanailipia, wengine kwa pesa ya kibati. Machi 2023 usajili wa mtoto mmojammoja ukasitishwa, wazazi wakaelekezwa kupitia shule. Maelezo ya mfuko yalikuwa kwamba matumizi yamezidi michango kwa mbali, na kwamba wazazi wengi walikuwa wanawakatia kadi watoto ambao tayari wanaumwa. Kama mweka hazina niliwaelewa. Lile ni tatizo letu la mzee aliyelala kitandani. Lakini sisi tulipopatikana tuliandika kifungu cha miezi mitatu. Hatukufunga daftari tukawaambia watu wapite msikitini au kanisani. Kelele zilipigwa nchi nzima, Bungeni na redioni, na baadaye kadi ikarudishwa. Imani ikarudi nusu. Mama mmoja mteja wangu hunyoosha maneno: "Wanaweza kuifunga tena wakiamka vibaya."

Hizo kelele ndizo ninazotaka watu wazitazame, kwa sababu viongozi huzisikia pale zinapowalazimu. Mwaka 2021, mwezi wa Julai, tozo ya miamala ilipoanza, mimi nilikuwa dirishani. Watu walikuwa wanafika, wanauliza makato, wanaondoka bila kutuma, na wengine wakarudia kumpa dereva wa basi bahasha kama zamani. Haikuhitaji mwaka, ikapunguzwa kwa asilimia 30. Tozo ilimgusa kila mtu siku moja na saa moja, ndiyo maana sauti ikawa moja. Ugonjwa hauji hivyo. Leo unamgusa jirani, mimi natoa pole na elfu mbili, na kesho nimeshasahau mpaka unifikie. Kila aliyefilisiwa na bili analia peke yake, na mtu mmoja akilia huku pembeni mwa ziwa haisikiki Dodoma.

Muswada wenyewe wa 2022 ulizua sauti, ila angalia ulizua kwa sababu gani. Zilitajwa shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita na 84,000 kwa mtu mmoja. Halafu yakawemo masharti ya kuifunga bima na huduma nyingine: leseni ya udereva, namba ya mlipakodi, laini ya simu na mengineyo. Kirumba hawakujadili mafao hata kidogo. Walijadili laini ya simu. "Yaani nisipokuwa na bima hata mke wangu simpigii?" Muswada ukaahirishwa zaidi ya mara moja, na Novemba 2023 Bunge likaupitisha ukawa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sheria imeweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, na vyanzo vyake ni pamoja na ushuru wa soda na vinywaji vikali, vipodozi, na michezo ya kubahatisha. Hapo kwenye michezo ya kubahatisha nina imani kubwa. Kwa mikeka inayochanika hapa Mwanza kila Jumapili usiku, vijana wetu wa bodaboda peke yao wanaweza kuwatibu maskini wa wilaya nzima.

Kwenye kampeni za 2025 Rais Samia aliahidi bima hiyo ianze kwa majaribio ndani ya siku 100 za kwanza, na ahadi hiyo ilibebwa pamoja na nyingine, ya kukomesha hospitali kuzuia maiti kwa ajili ya deni. Nilikuwa kibandani redio ikiwa imewashwa. Ya kwanza ilipita. Ya pili watu waliacha kuhesabu pesa wakasikiliza.

Nawaelewa. Kwenye daftari letu kuna matumizi yameandikwa kwa wino mwekundu, "kukomboa mwili". Mwanachama amefariki hospitalini, familia imeshauza kilichopo, bado deni, na mwili hautoki. Kikao cha dharura kinaitwa usiku, watu wanachanga juu ya mchango, mwenyekiti anapanda na fedha, mwili unashuka. Tumeyafanya hayo zaidi ya mara moja. Yaani chama cha mazishi kimelipa bili ya hospitali, bili ya vipimo, ya damu, ya kitanda, kwa mtu ambaye hawezi tena kufaidi chochote katika hivyo. Mara ya mwisho mama mmoja alisimama kikaoni, akasema kitu kilichonyamazisha watu: kama pesa hii tulikuwa nayo, kwa nini tumeitoa leo, mbona hatukuitoa wiki iliyopita mwenzetu akiwa anapumua? Hakuna aliyejibu, kwa sababu jibu lilikuwa limeandikwa kwenye katiba yetu wenyewe. Chama ni cha kufa na kuzikana. Kuumwa hakumo.

Sasa bei, na pamoja na bei, wakati wa kulipa, ambao kwa watu wa ziwani naona ni mkubwa kuliko bei yenyewe. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, mitumbwi inapumzika, na kibandani kwangu panakuwa pakavu. Giza likirudi, pesa inarudi, na ndani ya siku chache inakuwa imeshatawanyika kulipia madeni ya mbalamwezi. Mvuvi hana mshahara. Ana mgao, baada ya tajiri wa mtumbwi kutoa mafuta na gharama zake. Leo yuko kambi ya Kome, mwezi ujao yuko Ukara, na kaya yake ya watu sita iko Magu kwa mama yake. Mtu huyu ukimwambia zile 340,000 za muswada kwa mkupuo, unamwambia hakuna. Ukimwambia gawanya kwa miezi kumi na miwili, ni kama 28,000 kwa mwezi, bado ni nzito, lakini angalau ni lugha anayoielewa. Ukimkata kidogo pale mwaloni, siku ndoo zinapopimwa, hatahisi, kama mtumishi asivyohisi asilimia 3 yake.

Wala si jambo geni. Wakulima walio kwenye vyama vya ushirika walishatengenezewa bima yao, Ushirika Afya, kwa sababu ilieleweka kwamba mkulima ana pesa akivuna. Mwaloni ushuru wa halmashauri unakusanywa kwa mashine kila siku, na hakuna samaki anayepita bila risiti. Kama mashine ile inaweza kumkata mvuvi kwa ajili ya halmashauri, inashindwaje kumkata kwa ajili ya mwili wake? Majirani zetu wa Kenya walianza mfuko wao mpya wa bima ya afya, SHIF, chini ya mamlaka iitwayo SHA, Oktoba 2024: mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, asiye na mshahara akatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa pamoja. Wachuuzi wa Kisumu wakalalamika vilevile kama ambavyo wa Kirumba wangelalamika, mpaka ikabidi utafutwe mpango wa kulipa polepole. Tungeweza kujifunza kwao kabla ya kuumia wenyewe.

Na hata bima ikiwa nzuri kiasi gani, haijibu nauli. Tangu Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa pale Kigongo na Busisi, mgonjwa wa Sengerema hangoji kivuko tena, na hilo nalihesabu kuwa ni matibabu. Mgonjwa wa Ukara bado anahitaji mtu wa kumvusha na petroli ya kumvushia, na hiyo inatoka kulekule kwenye kundi la WhatsApp.

Baada ya yule mama kuuliza swali lake, kikundi chetu kimekuwa kwenye mabishano. Pendekezo lililopo mezani ni kwamba chama kitoe fedha kwenye hazina, kikatie bima kaya zote kwa mkupuo, kisha wanachama warudishe kidogokidogo, wavuvi wakirudisha wakati wa giza. Wengi wanalitaka. Fundi baiskeli hataki hata kulisikia, na hoja yake si nyepesi: hela ya mazishi haijawahi kumwangusha mtu, hii ya bima tukiitoa halafu dirishani tukaambiwa dawa imeisha, nani atasimama kikaoni kujibu? Akanitazama mimi. Mzee wa reli akaleta wazo la katikati. Tumwandikie barua mganga mfawidhi wa zahanati yetu, aje kwenye kikao chetu kila mwezi na kitabu chake cha dawa, asome kwa sauti kama mweka hazina anavyosoma: zilizoingia, zilizotoka, zilizoisha na tangu lini. Akikubali, tunaanza na kaya za wanaoumwa na za wasioumwa nusu kwa nusu, wazima wasije wakajificha.

Barua niliipeleka mwenyewe. Mganga aliisoma amesimama, akacheka, akasema atakuja Jumapili ya kwanza ya mwezi na kitabu. Ila akaomba mambo ya Bugando tusimuulize yeye, tumuulize mbunge.